Sabato Itakwisha Lini?

SABATO MCHANA

Soma kwa ajili ya somo la juma hili: Amosi 5:21-24, Amosi 8:4-12, Kumbukumbu la Torati 25:13-16, Yoshua 7, 2 Samweli 12:1-14, Yohana 9:1-3, Mambo ya Walawi 6:1-7, Luka 19:1-10.

Fungu la kukariri: Wagalatia 6:7, 8.

Jumamosi jioni, jua linapokaribia kuzama nyuma ya vilima vya Njombe, washiriki huimba wimbo wa kufunga Sabato, mzee wa kanisa huomba, na watu hupeana mikono mlangoni. Kwa wengi saa ile ni ya utulivu. Lakini majira ya mavuno ya viazi ziko simu zilizozimwa tangu Ijumaa jioni ambazo huwashwa kabla mwenyewe hajafika barabarani. Lori limekwisha kutoka Makambako. Vijana wa kupakia wanangoja. Magunia yameshashonwa.

Kuwasha simu Sabato ikiisha si dhambi, wala kuuza viazi siku ya kwanza ya juma. Swali la juma hili ni lingine: linapakiwa gunia la namna gani?

Masomo mengi juu ya dhambi huanzia Edeni, penye mti na nyoka, na ni vema. Biblia inasema dhambi ni uasi wa sheria (1 Yohana 3:4), na mshahara wake ni mauti (Warumi 6:23). Mafungu hayo kila mshiriki anayajua tangu darasa la ubatizo. Hatari yake ni kwamba mtu anaweza kuyakariri maisha yake yote bila kuyasikia yakigonga mlango wa ghala lake. Kwa sababu hiyo juma hili tunaanzia sokoni, mahali ambapo nabii Amosi naye alisimama.

JUMAPILI
Efa ndogo, gunia kubwa

Soma Amosi 8:4-6. Je, wafanyabiashara wanaotajwa hapa waliivunja Sabato? Wanalaumiwa kwa nini?

Amosi alikuwa mchungaji wa Tekoa na mtunza mikuyu. Alitumwa kaskazini, katika ufalme wa Israeli, siku za Yeroboamu wa pili, wakati biashara ilikuwa imestawi na nyumba za matajiri zilipambwa kwa pembe za ndovu. Watu walikwenda Betheli kuabudu. Maduka yalifungwa siku ya Sabato. Lisome fungu polepole, utaona kwamba nabii hasemi hata mara moja kwamba waliuza nafaka siku takatifu. Wao walingoja. Waliketi ibadani wakihesabu saa, wakiulizana moyoni lini siku itakwisha wafungue nafaka. Tena walijua kabisa watakachofanya ikifunguliwa: kipimo cha kuuzia kitapunguzwa, jiwe la kupimia fedha litaongezwa uzito, na takataka za ngano zitauzwa pamoja na ngano.

Shekeli ilikuwa kipande cha jiwe chenye uzito wa gramu 11 hivi. Mfanyabiashara alibeba mawe yake mfukoni. Asiye mwaminifu alibeba mawe ya namna mbili, zito la kupokelea na jepesi la kulipia. Ndiyo maana torati inakataza mtu kuwa na mawe mawili tofauti katika mfuko wake (Kumbukumbu la Torati 25:13). Angalia kwamba katazo linaanza mfukoni, kabla jiwe halijatumika. Kulibeba tu tayari ni nia.

Mkoani Njombe mchezo ni ule ule, ila umegeuzwa. Hapa anayenunua ndiye mwenye kipimo, kwa hiyo kipimo hakipunguzwi, kinaongezwa. Jina lake kila mtoto analijua: lumbesa. Gunia hujazwa hadi mdomoni, kisha kipande cha gunia jingine hushonewa juu yake, viazi huongezwa, na kamba hufungwa kukaza ule mlima. Bei huhesabiwa kwa gunia. Sheria ya Vipimo, Sura ya 340, pamoja na kanuni zake, hairuhusu kifungashio cha mazao ya shamba kuzidi kilo 100, na Wakala wa Vipimo wamelisema jambo hili miaka mingi. Hata hivyo lumbesa ingalipo, kwa kuwa usafiri na ushuru mara nyingi hutozwa kwa idadi ya magunia, na magunia makubwa machache huwa nafuu kwa mwenye lori.

Tufanye hesabu ndogo. Tuseme bei ya gunia ni shilingi 70,000, na gunia lina kilo 130. Kilo 30 zimekwenda bure. Kwa bei hiyo hiyo ni shilingi 21,000 katika kila gunia. Mkulima akiuza magunia 20, ametoa kilo 600 za viazi, yaani shilingi 420,000, na hakuna mtu aliyemshikia panga.

JUMATATU
Shemasi na mama mjane

Mfano ufuatao hauna jina la mtu, na wasomaji wa barabara ya Makambako hadi Njombe, mwendo wa kilomita 60 hivi, wasijisumbue kulitafuta. Kama mtu ataona anafanana naye, basi amalizane na Bwana.

Shemasi mmoja alikuwa dalali wa viazi. Alikuwa mtu mwema, msema kweli katika baraza la kanisa, hodari wa kuchangisha mabati. Hakupanga kumdhulumu mtu. Alipoingia katika kazi ile alikuta gunia limekwisha kuwa kubwa, kama mtu anavyozaliwa akakuta mlima mahali pake. Siku moja, Jumapili asubuhi, alifika kwenye shamba la mama mjane aliyekuwa mshiriki wa kanisa lile lile. Zamani mama huyo ndiye aliyekuwa mwalimu wake katika darasa la watoto.

Walisalimiana kwa heshima. "Kamwene, mama." Mama aliitikia, akamuuliza habari za watoto, kisha akayatazama magunia yaliyokuwa yakishushwa kwenye lori.

"Mwanangu, haya yameongezwa tena. Mwaka jana hayakuwa na kichwa kirefu hivi."

"Mama, mimi mwenyewe natumwa tu. Tajiri wa Dar es Salaam anataka gunia lililojaa. Nikimpelekea la kilo mia ananiambia nimemletea mkoba wa shule."

"Basi tuyapime. Mizani ipo kwa jirani."

"Bei ni ya gunia, mama. Si ya kilo."

Mama alinyamaza. Viazi vilikwisha kuchimbwa, na kiazi kikikaa juani hugeuka kijani, hakuna anayekitaka. Deni la mbolea lilikuwa linamngoja, na mtoto alikuwa amerudishwa shuleni kwa ajili ya michango. Akauza. Vijana walijaza, wakashona, wakakaza kamba. Kila gunia lilipandishwa mgongoni mwa kijana mmoja, naye aliinama mpaka uso wake ukakaribia magoti. Migongo ya hao vijana haimo katika hesabu ya mtu yeyote, na ingefaa iwemo.

Sabato iliyofuata shemasi alitoa zaka ya faida yake, kamili, ndani ya bahasha. Mama naye aliketi upande wa pili. Shemasi aliposimama kuomba, alisikia maneno mazuri yakipita juu yake kama upepo wa Julai, akashindwa kusema amina. Hakuwa na hasira. Amina tu ndiyo haikutoka.

Soma Amosi 5:21-24. Bwana anakataa nini hapa? Zaka ya shemasi iko upande gani wa fungu hili?

Mambo mawili yalifuata ambayo hayakuonekana upesi. La kwanza lilimpata mama. Msimu uliofuata alinunua mbolea nusu, akapanda eneo dogo. Na alipovuna alijifunza hila: viazi vidogo na vilivyokatwa na jembe alivitia chini ya gunia, vikubwa akavipanga juu. "Wao wana kichwa cha gunia," alimwambia binti yake, "na mimi nina tako lake." Binti alicheka, akajifunza. Hivyo ndivyo dhambi inavyotembea. Aliyeibiwa anapewa sababu ya kuiba, na mtoto anapokea somo ambalo hakuna aliyeandaa kulifundisha. Mungu hamhesabii mwana hatia ya baba yake (Ezekieli 18:20), lakini mwana hurithi desturi ya nyumba, na desturi huzaa hatia yake yenyewe.

La pili lilimpata shemasi. Alianza kuona Biblia imekauka. Alisoma somo lake kila asubuhi kama kawaida, akajaza majibu, lakini hakuna neno lililomshika. Alidhani ni uchovu wa safari. Soma sasa Amosi 8:11, 12, mafungu yaliyo katika sura ile ile, baada ya yale ya efa na shekeli. Nabii hatishii wafanyabiashara wale kwa njaa ya mkate. Anawaambia itakuja njaa ya kulisikia neno la Bwana, watu watangetange kutoka bahari hadi bahari wakilitafuta wasilione. Waliotamani Sabato iishe upesi wanapewa walichotamani. Sabato inawaishia, na kila kilichokuwa ndani yake kinaondoka nayo.

JUMANNE
Watu thelathini na sita

Soma Yoshua 7:1-5, 19-21. Wale waliokufa Ai walijua nini juu ya hema ya Akani?

Hawakujua chochote. Akani alitwaa vazi zuri la Shinari, shekeli mia mbili za fedha na kabari ya dhahabu, akavifukia katikati ya hema yake. Wanaume 36 waliuawa mlimani kwa kitu ambacho hawakukiona wala kukigusa. Wake zao walilia bila kujua walie kwa ajili ya nini.

Watu wengi huridhika kwamba dhambi ya siri ni kati yao na Mungu. Biblia haiijui dhambi ya namna hiyo. Lumbesa, ambayo si siri hata kidogo, inaonyesha jambo hilo hilo: halmashauri inapokea ushuru pungufu, barabara ya kijiji haichongwi, na mwenye baiskeli anaanguka kwenye shimo bila kujua kwamba shimo lile lilishonwa juu ya gunia.

Daudi naye alisamehewa siku ile ile alipoungama (2 Samweli 12:13). Upanga haukuondoka nyumbani mwake. Vikundi vijadili tofauti hii kwa uangalifu, kwa maana wengi huipoteza: msamaha huondoa hukumu iliyo juu ya mwenye dhambi, lakini jembe lililokwisha kumkata mtu mguu huacha kovu hata baada ya mwenye jembe kusamehewa.

JUMATANO
Dhambi inayoonekana na isiyoonekana

Soma Yohana 9:1-3. Wanafunzi walidhani nini juu ya mtu yule? Yesu aliwajibu nini?

Baada ya mafundisho ya Jumatatu na Jumanne ni rahisi mtu akasimama na kamba ya kupimia, akaanza kupima mateso ya jirani ili ajue ukubwa wa dhambi zake. Wanafunzi walifanya hivyo mbele ya kipofu, naye anasikia. Yesu aliwakataza.

Jambo hili linagusa Njombe kwa namna ya pekee. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 na 2023 ulionyesha kwamba mkoa huu una kiwango kikubwa cha maambukizi ya virusi vya UKIMWI kuliko mikoa yote ya Tanzania, asilimia 12.7 ya watu wenye umri wa miaka 15 na zaidi. Maana yake ni kwamba katika kanisa la kawaida, karibu kila benchi lina mtu anayemeza dawa kila siku au anayemuuguza mtu. Wamo wake waliokuwa waaminifu maisha yao yote. Wamo vijana waliozaliwa nayo. Na wamo waliokosea, wakatubu, wakasamehewa kabisa. Kliniki haiwatenganishi, na kanisa halikupewa kazi ya kuwatenganisha.

Lakini tazama jinsi makanisa yetu yanavyopima. Dada anayeonekana akitoka kwenye dirisha la dawa hunong'onwa, na asipewe kazi ya kufundisha watoto. Mwenye lori lenye magunia ya vichwa virefu huketi kiti cha mbele na huombwa atoe neno la shukrani. Dhambi yake haikondeshi mwili. Kinyume chake, inamnenepesha, na watu huuita unene ule baraka. Kama kanisa lina mizani ya namna hiyo, lina mawe mawili mfukoni.

ALHAMISI
Kwanza kwa mwenye mali

Soma Mambo ya Walawi 6:1-7. Mtu aliyemdhulumu jirani yake anaanza wapi, kwa kuhani au kwa jirani?

Utaratibu wa fungu hili ni wa ajabu kwa mtu aliyezoea kuungama kwa magoti peke yake. Aliyedhulumu anarudisha kitu kizima, anaongeza sehemu ya tano juu yake, anampa mwenyewe. Kisha anamleta kondoo mume kwa kuhani kuwa sadaka ya hatia, na upatanisho unafanyika. Yesu anafundisha mwendo huo huo katika Mathayo 5:23, 24: sadaka inaachwa mbele ya madhabahu, mtu anakwenda kwanza kwa ndugu yake.

Mtu asidhani kwamba sehemu ya tano ndiyo iliyonunua msamaha. Damu ndiyo iliyofanya upatanisho, na damu ile ilimwelekeza Kristo, aliyeichukua hatia ambayo hakuna mtu awezaye kuilipa. Ila toba isiyogusa mfuko iliacha mali ya mama mjane ikiwa imekaa pale pale ilipoibiwa. Zakayo alilielewa hili bila kufundishwa. Yesu alipoingia nyumbani mwake, kabla ya mahubiri yoyote tunayoyasoma, alisimama na kutaja watu aliowatoza kwa hila, na kwamba atawarudishia mara nne. Ndipo Bwana akasema kwamba wokovu umefika katika nyumba ile.

Turudi kwa shemasi wetu. Kwa magunia 20 ya mama, sheria ya Walawi ingemtaka shilingi 420,000 na sehemu ya tano, 84,000, jumla 504,000. Hapo hesabu ni rahisi. Ugumu unakuja kwa wengine. Amenunua kwa miaka mingi, vijiji vingi, na majina hayakuandikwa. Tena faida nyingine ilikwenda kwa tajiri, naye alibaki na kamisheni. Na akikataa lumbesa kesho, dalali mwingine atafika shambani saa hiyo hiyo na gunia lile lile, na nyumba ya shemasi italala bila kazi. Somo hili halitamdanganya kwamba Bwana atampa mteja bora juma lijalo. Inawezekana asimpate. Zakayo naye hatuambiwi alikula nini mwaka uliofuata.

Yapo hata hivyo mambo anayoweza kuanza nayo. Anaweza kununua kwa mizani, hata kama atanunua kidogo. Anaweza kwenda kwa wale anaowakumbuka, akiwa na fedha mkononi na si maneno tu. Kwa wasiojulikana walipo, Hesabu 5:7, 8 linasema malipo yawe ya Bwana iwapo hakuna jamaa wa kuyapokea, na kanisa linaweza kuyaelekeza kwa wajane na yatima wa vijiji vile vile. Washiriki wakulima nao wanaweza kununua mizani moja kwa pamoja na kukubaliana kwamba hakuna gunia litakalotoka bila kupita juu yake, wala kiazi kibovu kitakachofichwa chini. Mkulima mmoja anayekataa lumbesa huachwa na viazi vyake. Arobaini wakikataa, lori halitarudi tupu hadi Makambako.

Shemasi alikwenda. Ilikuwa Alhamisi, mvua inanyesha, akamkuta mama jikoni. Alikuwa na nusu tu ya fedha, akasema nusu nyingine ataileta baada ya mavuno ya vinyungu. Mama alizihesabu polepole. Kisha akamwambia, "Keti, mwanangu, ule kwanza. Na mimi nina la kukuambia juu ya yale magunia niliyomuuzia mwenzako."

IJUMAA
Jifunze zaidi

Soma sura inayomhusu Zakayo katika kitabu cha Ellen G. White, Tumaini la Vizazi Vyote, na uangalie hasa yanayosemwa juu ya kurudisha kilichochukuliwa. Soma pia Danieli 5:25-28 na Danieli 7:9, 10, ukikumbuka kwamba katika hukumu inayoendelea sasa mbinguni vitabu vimefunguliwa, na mfalme wa Babeli alipimwa katika mizani ambayo hakuishona yeye.

Maswali ya kujadili:

Shemasi alisema, "Natumwa tu." Je, mtu anaweza kuwa na hatia katika desturi ambayo hakuianzisha na hawezi kuimaliza peke yake? Jadilini kwa kutumia kazi zenu wenyewe: maziwa, mbao, parachichi, mishahara ya vibarua.

Kati ya shemasi aliyeongeza kichwa cha gunia na mama aliyeficha viazi vibovu chini yake, kikundi chako kimemhurumia nani zaidi? Kwa nini? Je, mizani ya Mungu ingetoa jibu hilo hilo?

Baraza la kanisa likijua kwamba fedha za mabati zimetokana na lumbesa, lifanye nini na bahasha? Na kama mabati yamekwisha pigwa?

Kesho jua likizama, kabla ya kuwasha simu, nani atakayepigiwa kwanza?